Majani ya Gini: Nguvu ya Maksai Wakati wa Kiangazi

Katika nchi ya Rodi Kopany, mahali ambapo barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay hukutana na ile iendayo Ndhiwa hadi Karungu, kazi ya kulima kwa plau hushika moto mvua za masika zinapokaribia, yaani mwishoni mwa Februari na katika mwezi wa Machi. Wakati huo ardhi hutakiwa ipinduliwe upesi ili mahindi na mtama vipate kupandwa mvua za kwanza zinaponyesha. Lakini wakati huo huo ndipo maksai wanapokuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wamekwisha kupita miezi ya Januari na Februari wakila nyasi kavu zisizo na nguvu, pamoja na mabua yaliyosalia mashambani. Mnyama hufungwa nira hali mbavu zake zahesabika. Huvuta plau kidogo akasimama, na shamba ambalo lingelimwa kwa siku tatu huchukua juma zima. Mwenye kuchelewa kulima huchelewa kupanda, na mwenye kuchelewa kupanda mara nyingi huona mvua ikikatika kabla mahindi yake hayajajaza gunzi.

Basi njaa ya ng'ombe katika mwezi wa Februari huweza kuwa njaa ya watoto katika mwezi wa Julai. Hasara nyingine ni ile ya sokoni. Mtu anayelazimika kuuza ng'ombe wakati wa kiangazi ili alipe karo ya shule humwuza mnyama aliyekonda, na mnunuzi hutoa bei ya mnyama aliyekonda.

Dawa ya shida hii haiko mbali. Kando ya njia, chini ya miti, kwenye ua wa mashamba na ukingoni mwa vijito humea majani marefu ya mwitu ambayo watu hupita karibu nayo kila siku. Majani hayo huitwa majani ya Gini, nayo ni miongoni mwa malisho bora katika nchi zote za joto duniani. Yakichaguliwa vizuri, yakipandwa kwa mistari na kukatwa kwa wakati wake, robo ya ekari tu huweza kuwatunza maksai wawili kwa muda wa miezi miwili ya kiangazi.

JINSI YA KUYATAMBUA

Majani ya Gini huishi miaka mingi. Hayatambai juu ya ardhi kama ukoka, bali humea kwa mashina makubwa, kila shina likitoa machipukizi mengi kutoka mahali pamoja. Aina fupi hufika kimo cha magoti au kiuno, na aina ndefu humpita mtu mrefu, hata kufika meta tatu. Jani lake ni bapa, lenye mshipa ulio wazi katikati.

Alama iliyo dhahiri kuliko zote ni suke lake. Suke la mabingobingo, ambayo wengi huyaita nepia, limeshikana na lina manyoya kama mkia wa paka. Suke la majani ya Gini limefunguka na kutawanyika kama ufagio uliolegea. Vitawi vyake vya chini kabisa hutoka pamoja mahali pamoja na kuuzunguka ubua, kama vijiti vya mwavuli. Mbegu zake ni ndogo sana, nazo hupukutika zikiguswa.

Yapasa mtu asiyachanganye na mtama mwitu, ambao nao humea kando ya njia. Mtama mwitu una mbegu kubwa zaidi, na machipukizi yake machanga, hasa yale yanayotokea baada ya ukame, yana sumu iwezayo kumwua ng'ombe kwa muda mfupi. Mwenye shaka na angoje mpaka mmea utoe suke, au ampelekee Bwana Shamba autazame.

MAJANI YA AFRIKA YALIYOZUNGUKA DUNIA

Ingawa jina lake ni la Gini, yaani pwani ya magharibi ya Afrika, majani haya ni ya asili katika sehemu nyingi za bara hili, Kenya na Tanzania zikiwamo. Katika zama za biashara ya watumwa yalivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, na huko yakaenea upesi kwa kuwa yaliwafaa farasi na ng'ombe wa mashamba ya miwa. Mwaka 1781 mtaalamu wa mimea, Nikolaus Joseph von Jacquin, aliyaandika kwa jina la Panicum maximum, akitumia mimea iliyotoka katika visiwa hivyo. Neno hilo la pili maana yake ni kubwa kupita yote. Tangu mwaka 2003 wataalamu wengi huyaita Megathyrsus maximus, lakini wauzaji wa mbegu na wakulima wangali wakitumia jina la Panicum.

Nchini Kenya wataalamu wa malisho waliyachunguza majani ya mwitu kwa bidii katika miaka ya 1950, hasa huko Kitale, na mwaka 1958 A. V. Bogdan alichapisha orodha ya majani ya Kenya. Aina mbili za majani ya Gini zilizojulikana hata Australia zinaitwa Makueni na Embu, kwa majina ya mahali zilipotoka.

Mwaka 1967 na tena mwaka 1969 wataalamu wa shirika la Ufaransa liitwalo ORSTOM walizunguka Kenya na Tanzania wakikusanya mimea na mbegu za majani haya. Walifanya hivyo kwa sababu Afrika Mashariki ndiko zilikoonekana aina nyingi na tofauti kuliko kwingineko. Mkusanyo huo ulipandwa nchini Kodivaa, na mwaka 1982 ukapelekwa Brazili, kwa shirika la utafiti wa kilimo liitwalo Embrapa. Wabrazili waliupanda, wakaupima, wakachagua. Mwaka 1990 walitoa aina waliyoiita Tanzânia, na mwaka 1993 wakatoa nyingine waliyoiita Mombaça, yaani Mombasa kwa Kireno. Leo ng'ombe wengi wa Brazili hulishwa kwa majani hayo, na mbegu zake huuzwa katika nchi nyingi, hata Kenya yenyewe. Majani yaliyotoka Afrika Mashariki bila malipo yamerudi ndani ya mifuko yenye bei.

Habari hii haisemwi ili mtu akatae mbegu za dukani. Mbegu hizo ni nzuri, na mwenye fedha anaweza kuzinunua. Inasemwa ili ieleweke kwamba wale waliofaulu walianza na majani ya mwitu kama yale yameayo Rodi, na kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kutazama, kulinganisha na kuchagua. Kazi hiyo mkulima naye anaweza kuianza katika shamba lake.

KUCHAGUA MAMA ALIYE BORA

Majani ya Gini yana tabia moja ya ajabu ambayo humsaidia mkulima. Katika mimea mingi, kama mahindi, mbegu hutokana na baba na mama, kwa hiyo watoto huchanganyika. Mashina mengi ya majani ya Gini hufanya mbegu bila ya kuchanganya damu ya baba, na kila mtoto hufanana na mama yake. Kwa ajili hiyo, shina lililo bora likipatikana, wema wake haupotei, ama kwa mbegu ama kwa vipande vya shina lenyewe.

Kwa hiyo mkulima asing'oe shina la kwanza analoliona. Na atembee kwanza, atazame mashina mengi, hasa wakati wa kiangazi, maana huo ndio wakati wa kujua lipi lina nguvu. Shina linalofaa ni lile lililobaki kijani wenzake walipokauka, lenye majani mengi na mapana kuliko mabua, lisilo na manyoya makali yanayowasha mikono, tena linalochipua upesi baada ya kuliwa na ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe ni shahidi mzuri, kwa kuwa shina analolirudia mara kwa mara ndilo tamu. Mkulima anaweza kuweka alama ya kitambaa kwenye mashina manne au matano yaliyompendeza, kisha ayalinganishe tena mvua zikishanyesha.

Ikiwa shina liko katika shamba la mtu mwingine, yapasa kuomba ruhusa kabla ya kuchimba. Haifai kung'oa mashina yote mahali pamoja, hasa ukingoni mwa kijito, kwa maana mizizi yake ndiyo inayoushika udongo usichukuliwe na maji.

ARDHI INAYOFAA

Majani haya hupenda joto, mvua ya kutosha na udongo wenye rutuba usiotuamisha maji. Hustawi vizuri mahali panapopata mvua ya milimeta 1,000 au zaidi kwa mwaka, na mizizi yake mirefu huyawezesha kuvumilia kiangazi cha wastani. Tena huvumilia kivuli kuliko majani mengi mengine ya malisho. Kwa hiyo yaweza kupandwa chini ya miembe, kando ya boma, au katikati ya mistari ya miti ya malisho kama lusina na kaliandra.

Jambo ambalo hayalipendi ni maji yanayosimama. Katika sehemu za Ndhiwa na bonde la Lambwe upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mahali kama hapo mkulima na achague sehemu iliyoinuka, au afanye matuta ya juu na mifereji ya kutoa maji. Mahali penye mteremko wa udongo mwekundu, mistari na ikingame mteremko wala isishuke pamoja nao. Hapo majani yatafanya kazi mbili, yaani kulisha ng'ombe na kuzuia udongo usikimbie na maji ya mvua.

KUPANDA KWA VIPANDE VYA SHINA

Njia iliyo rahisi ni kupanda vipande vyenye mizizi. Shina kubwa huchimbwa mvua zinapoanza, na majani yake hukatwa yabaki urefu wa shubiri moja, ili yasinyonye maji mengi kabla mizizi haijashika. Kisha shina hupasuliwa vipande, kila kipande kiwe na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Shina moja kubwa huweza kutoa vipande kumi au zaidi.

Robo ya ekari, ikipandwa kwa nafasi ya sentimeta 60 kila upande, huhitaji vipande 2,800 hivi. Hesabu hii isimtishe mtu. Akianza na mashina 30 ya aina moja aliyoichagua, atapata vipande 300, ambavyo hutosha kitalu kidogo karibu na nyumba. Msimu wa pili kila kipande kitakuwa shina, nalo litagawanywa tena mara kumi. Hivyo shamba lote hujaa bila ya kununua hata mbegu moja.

Ardhi na ilimwe vizuri na magugu yatolewe, hasa sangari na ukoka. Kila shimo litiwe konzi mbili za samadi iliyooza, kipande kisimamishwe, kisha udongo ukandamizwe kwa mguu. Palizi ya majuma manane ya kwanza ndiyo ya lazima kuliko zote. Baada ya hapo mashina yenyewe hutandaa na kuyashinda magugu.

KUPANDA KWA MBEGU

Mwenye kutaka kupanda mbegu yapasa ajue mambo mawili. La kwanza ni kwamba mbegu zilizovunwa karibuni hulala usingizi. Zikipandwa mara moja, nyingi hazioti. Hufaa zikaushwe kivulini na kuwekwa mahali pakavu kwa miezi sita au zaidi. La pili ni kwamba mbegu za suke moja haziivi kwa siku moja. Za juu zimekwisha kupukutika hali za chini zingali changa. Basi masuke hukatwa mbegu zinapoanza kuanguka, hulazwa kivulini kwa muda wa siku tatu, kisha hupigwa polepole juu ya turubai.

Kabla ya kupanda na zihesabiwe mbegu mia moja, zilazwe juu ya kitambaa chenye unyevu kwa majuma mawili. Kama zikiota chache sana, mkulima atajua mapema kwamba inampasa kungoja au kuongeza mbegu. Kilo moja ya mbegu njema yatosha ekari moja. Kwa kuwa ni ndogo, zichanganywe na mchanga mkavu ili zitawanyike sawasawa, na zifunikwe kwa udongo mwembamba usiozidi sentimeta moja. Mbegu iliyozikwa chini zaidi ya hapo hufa kabla ya kuona jua.

KUKATA KWA WAKATI WAKE

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo faida yote ilipo. Mtu huona majani yake yamefika juu ya kichwa na kutoa masuke, akafurahi kwamba chakula kimekuwa kingi. Kwa kweli kimekuwa kingi kwa macho tu. Katika majani machanga, protini, yaani chakula cha kujenga mwili, huweza kufika sehemu 12 kwa mia au kupita hapo. Yakishakomaa na kutoa masuke, huweza kushuka chini ya sehemu 7 kwa mia.

Hesabu hiyo ya 7 ina maana kubwa. Ng'ombe hasagi majani peke yake. Ndani ya tumbo lake la kwanza wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaovunjavunja majani magumu ili mwili uyatumie. Vijidudu hao nao huhitaji protini. Wakiikosa hupungua, majani hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na ng'ombe huacha kula kwa kuwa tumbo limejaa. Hii ndiyo sababu mnyama huweza kuwa na tumbo kubwa hali mgongo wake umekonda.

Basi baada ya kupanda, majani na yakatwe mara ya kwanza yakishafika kimo cha meta moja hivi, yaani baada ya miezi miwili na nusu au mitatu. Kutoka hapo yakatwe kila baada ya majuma sita wakati wa mvua, kabla ya masuke kutokeza. Panga lisifike chini kabisa. Na yaachwe mashina ya urefu wa sentimeta 15 hadi 20, kwa kuwa humo ndimo kunakotoka machipukizi mapya. Ng'ombe wasiingizwe kula shambani katika msimu wa kwanza, maana watang'oa mashina ambayo bado hayajashika. Kila baada ya kukata, samadi irudishwe shambani. Shamba linalotoa chakula kila mwezi bila ya kupewa chochote huchoka, na majani yake huwa ya manjano na membamba.

Ni vizuri pia kuyachanganya na mimea ya jamii ya kunde, kama desmodiamu au majani ya lusina, kwa kuwa mimea hiyo ina protini nyingi nayo huongeza rutuba ya udongo.

AKIBA YA KIANGAZI

Majani mabichi ya mwezi wa Mei hayamsaidii maksai wa mwezi wa Februari isipokuwa yamewekwa. Maksai mwenye uzito wa kilo 300 hula kilo nane hivi za chakula kikavu kwa siku. Maksai wawili kwa siku 60 watahitaji kilo 960, yaani karibu tani moja. Ekari moja ya majani ya Gini iliyotunzwa kwa samadi huweza kutoa tani nne za chakula kikavu kwa mwaka, na penye mbolea nyingi na mvua nzuri huzidi hapo. Kwa hiyo robo ya ekari hutoa tani moja. Lakini ikumbukwe kwamba hesabu hii ni ya robo ekari iliyotengwa kwa akiba tu. Kile kilicholiwa wakati wa mvua hakiwezi kuliwa tena wakati wa kiangazi, na mwenye ng'ombe wa maziwa wa kulisha kila siku na apande sehemu nyingine kwa ajili yake.

Wakati mzuri wa kukausha ni Juni na Julai, mvua zinapopungua na jua kurudi, na tena Desemba mvua za vuli zikiisha. Majani na yakatwe asubuhi umande ukishakauka, yatandazwe kwa utandu mwembamba, na yageuzwe mara kwa mara kwa siku mbili au tatu. Mabua ya majani haya ni manene kidogo, kwa hiyo hukawia kukauka kuliko majani yenyewe. Dalili ya kuwa tayari ni bua kuvunjika likipindwa, hali majani yangali na rangi ya kijani. Yakiwekwa yakiwa na maji huota ukungu na kuharibika.

Kwa kuyafunga, hakuna haja ya mashine. Fundi seremala huweza kutengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimeta 85, upana wa sentimeta 55 na kina cha sentimeta 45. Kamba mbili hutandikwa ndani, majani hujazwa na kukanyagwa kwa miguu, kisha kamba hufungwa na sanduku huinuliwa. Robota moja huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Marobota 50 hadi 60, yakipangwa juu ya magogo chini ya paa lisilovuja, ndiyo tani moja ile iliyotajwa. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini akiba ya majani huoza ikinyeshewa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, mabingobingo yasidharauliwe. Hutoa majani mengi, lakini katika sehemu za magharibi ya Kenya yamepatwa na ugonjwa wa kudumaa, ambao huyafanya yawe mafupi, ya manjano na hatimaye kufa. Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho fitoplasma. Hubebwa na mdudu mdogo arukaye anyonyaye maji ya majani, tena huenezwa na watu wenyewe wanapogawiana vipande kutoka mashina yenye ugonjwa. Kuwa na majani ya aina mbili au tatu shambani ni kinga, kwa kuwa ugonjwa ukiharibu aina moja, nyingine husalia.

Pili, wale wanaofuata mafundisho ya kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, ya kupanda desmodiamu kati ya mahindi na kuzungushia mabingobingo au brachiaria ili kuwapunguza funza wa mabua na gugu la kayongo, wasiyaondoe majani hayo ya pembeni na kuweka ya Gini kwa kukisia. Majani hayo ya pembeni yalichaguliwa baada ya kupimwa kwa ajili ya kazi hiyo. Majani ya Gini na yapate sehemu yake yenyewe.

Tatu, punda wasilishwe majani ya Gini peke yake siku zote. Yana kitu kiitwacho oksaleti, ambacho huizuia chokaa ya chakula isiingie katika mifupa ya farasi na punda. Ng'ombe hawadhuriki upesi kwa jambo hilo, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao huivunja oksaleti.

Nne, majani haya yakiachwa bila ya kukatwa huwa adui. Mbegu zake huchukuliwa na upepo, maji na ndege, na katika mashamba ya miwa, kama yale ya Ndhiwa na Awendo, huwa gugu gumu. Yakikauka yakiwa marefu huwa kuni za moto mkali. Mwezi wa Agosti 2023 mji wa Lahaina katika visiwa vya Hawaii uliteketea, na watu wapatao mia moja walikufa. Miongoni mwa yaliyoulisha moto huo ni majani ya kigeni yaliyokauka katika mashamba yaliyoachwa, na majani ya Gini yamo katika hesabu hiyo. Basi yasipandwe kugusana na nyumba za nyasi, na ukingo wa shamba ufagiliwe wakati wa kiangazi. Mkulima anayekata kila baada ya majuma sita hana shaka kubwa, kwa maana majani yake hayapati nafasi ya kutoa mbegu wala ya kuwa kuni.

Hakuna katika kazi hizi jambo linalohitaji fedha nyingi. Yatakiwa macho ya kuchagua shina, jembe la kulipanda, panga la kulikata kwa wakati, na ghala lisilovuja. Mwenye kuanza kitalu chake mvua za vuli zinapoingia mwezi wa Septemba atagawanya mashina yake masika yafuatayo, na mwaka utakaofuata maksai wake watasimama mbele ya plau wakiwa na nguvu, mvua ya kwanza ikiwa bado haijanyesha.